Tarehe ya Kutoka

Ofisi ya kumbukumbu iko ghorofa ya chini,
ukuta mmoja na tanuri la kupashia joto jengo zima.
Kazi yangu humo ni kuhesabu.
Kompyuta hujumlisha, mimi huhakiki kwa penseli,
maana mwaka juzi ilimpa mtu miaka mia tatu
na wala haikuona haya.

Leo limerudi faili la Leland Truax.
Nalijua hata kwa uzito:
kuvunja duka la zana, usiku, miaka tisa,
imebaki miezi kumi na mmoja.
Imebaki, nasema. Ilikuwa imebaki.

Dobini, kwenye mvuke, alichomoa mpini wa pasi kubwa
akampiga nao Amos Pruitt tayani.
Wapo wasemao ni zamu ya simu.
Wapo wasemao ni soksi.

Hakimu aliandika mstari mmoja tu:
*Miaka sita. Isiende sambamba. Ianze ile ya kwanza itakapokoma.*
Vifungo vingine hulala pamoja kama ndugu,
kitanda kimoja, blanketi moja, kukicha wameamka wote.
Hivi vimefungwa kama mabehewa,
kichwa cha hiki kwenye mkia wa kile,
na garimoshi la uwandani, wenyeji wa Nebraska wanajua,
ukilisubiri lipite kivukoni
unaweza kuzima injini ukasinzia.

Husemwa aliye chini haogopi kuanguka.
Chini kuna chini yake.
Mimi ndiye ninayeiandikia namba.

Simlaumu hakimu.
Mke wa Pruitt, Corliss, alisimama kortini na kikombe cha plastiki
akaonyesha mrija:
siku arobaini na tatu mumewe alikunywa nyama.
Taya la mfungwa ni taya.
Kama sita ingemezwa na tisa,
lile pigo lingekuwa la bure,
na humu ndani vitu vya bure
havichelewi kugombewa.

Lakini Alhamisi, saa nne, simu ililia. Verna Truax.
Hapigi siku nyingine.
"Hiyo sita imeshaanza?"
Bado, mama.
"Mbona ameshahukumiwa?"
Inangoja ya kwanza iishe.
"Na ile miezi minne aliyokaa seli ya peke yake akingoja kesi?"
Imehesabiwa kwenye ya zamani.
"Kwa hiyo ya mpya hajatumikia hata siku."
Hata siku.
Nikasikia maji yakichuruzika upande wake,
kama mtu aliyefungua bomba akasahau alichotaka kuosha.
"Nilimnunulia godoro," akasema. "Bado limo kwenye nailoni."

Akakata. Nikabaki na kalenda.
Kuna usiku mmoja, wa kumi na tatu kuamkia kumi na nne Agosti,
ambao fomu yangu haina kisanduku chake.
Saa sita kamili kifungo kimoja kitakufa
na kingine kuzaliwa pale pale, kitandani pale pale.
Hakuna mlango utakaofunguliwa.
Hakuna atakayemwita jina.
Atakuwa ameachiwa na kukamatwa
katikati ya pumzi moja,
labda usingizini,
labda macho kwenye dari, akihesabu kama mimi.

Niliandika tarehe mpya.
Nikaifuta, si kwa kukosea;
sita yangu ilifanana na sifuri, na mtu asije akadhani.
Nikaiandika tena.
Siku hiyo ikifika mimi nitakuwa nimeshastaafu,
na penseli hii atakuwa nayo mwingine, au hakuna mwingine.

Faili lililofuata lilikuwa la Amos Pruitt.
Anatoka Jumanne.
Nikalihakiki mara mbili.
Ni sahihi.